Kidonge Kitupu cha Mkaguzi wa Mizani

Waombolezaji wenzangu, ndugu wa pande zote mbili, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, madaktari na wauguzi mliokaa safu ya pili, mimi ni kaka mkubwa wa mume wa marehemu, karani mstaafu wa mahakama, na nimepewa kusoma historia hii kwa sababu mbili, kwanza kwamba nimetumia maisha yangu ya kazi kusoma hukumu mbele ya watu waliokuwa hawataki kuzisikia, na pili kwamba marehemu mwenyewe aliagiza asome shemeji, kwa madai kwamba shemeji akinyimwa kipaza sauti ataugua na yeye. Naomba simu zizimwe, watoto wapewe kitu cha kutafuna, na mwenye nyongeza aje nayo kwangu baada ya maziko, asinikatize hapa katikati, maana nikikatizwa huwa naanza upya.

Kabla sijaanza, kuna neno linalozungushwa hapa msibani tangu Jumanne, nimelisikia jikoni, nimelisikia kwenye viti vya nje, na jana nimelisikia hata bafuni kupitia ukutani, kwamba marehemu aliingizwa kwenye utafiti wa dawa, akafanywa panya wa majaribio, na dawa hiyo ndiyo iliyommaliza. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja, lakini hili halipo na wala haliko njiani. Ningelipuuza, tatizo ni kwamba binti yake anatumia dawa hiyohiyo kwa ugonjwa huohuo, na tangu mama yake afariki hajaimeza hata mara moja, na mama yake mkubwa, ambaye namheshimu na ambaye chai yake nimeinywa leo asubuhi, amemshauri aitupe chooni. Kwa hiyo nitasoma historia yote kwa mpangilio wake, kuanzia kuzaliwa, na ninaomba binti aisikilize mpaka mwisho kabla hajaamua.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akiwa kitinda mimba kati ya watoto watatu wa fundi wa mabehewa na mke wake mshonaji, akitanguliwa na kaka yake, ambaye ni marehemu, na dada yake, ambaye ndiye mama mkubwa niliyemtaja. Inasemekana alizaliwa mdogo mno hata mkunga akampima mara mbili, akidhani mizani imekufa, na sisi wakwe tulikuwa tukimtania kwamba hapo ndipo ugomvi wake na mizani ulipoanza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1986 hadi 1989, ambako alikuwa wa kwanza katika hisabati na wa mwisho katika kuimba, jambo ambalo hakuwahi kulikubali, la kuimba, na mliowahi kukaa karibu naye kwenye sherehe ni mashahidi. Mwaka 1990 alijiunga na chuo cha vipimo na mizani, akahitimu mwaka 1992, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo akaajiriwa kama mkaguzi msaidizi, kazi aliyoifanya kwa kupanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka mwili ulipokataa.

Kwa wasioijua kazi hiyo, mkaguzi wa mizani hutembea na sanduku la mawe ya shaba yaliyothibitishwa na serikali, anaingia kwenye bucha, kwenye ghala la saruji, kwenye kituo cha mafuta, anaweka jiwe lake juu ya mizani ya mfanyabiashara na kusoma kama mizani inasema kweli. Marehemu alikuwa halishiki jiwe kwa mkono mtupu, alivaa glavu, kwa sababu alisema jasho la vidole huongeza uzito, na alipoambiwa kwamba uzito huo ni mdogo hata inzi hawezi kuuhisi alijibu kwamba yeye hamkagulii inzi. Alipata kukuta sumaku chini ya sahani ya mizani ya mwenye bucha mmoja, ambaye yupo hapa leo na amechangia viti, Mungu ambariki, na alipata kuambiwa mara nyingi kwamba mkono mtupu haulambwi, akawa anajibu kwamba wake haulambwi hata ukiwa umejaa. Hakupendwa sana sokoni, lakini akina mama wa mtaa mzima walikuwa wanamuuliza wakanunue wapi.

Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa na mdogo wangu, fundi majokofu, baada ya uchumba mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu marehemu alimuuliza maswali kama anayekagua pampu ya mafuta, na mdogo wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alikuwa anakuja kwangu kuomba majibu. Walijaliwa watoto wawili, kifungua mimba wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1998, ambaye sasa ni fundi wa lifti, na binti aliyezaliwa tarehe 19 Mei 2001, ambaye ni mwalimu wa chekechea. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya kelele za kawaida, redio, majokofu ya watu yaliyofunguliwa sebuleni, na marehemu akilalamika kwamba amekaa nyumba yenye majokofu sita na hakuna hata moja linalogandisha.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa nitakwenda polepole.

Kaka yake marehemu alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka arobaini na moja, kwa figo zilizokufa zote mbili, bila kuwa na kisukari, bila kuwa mlevi, na familia ilipoulizwa ilisema ni presha, wengine wakasema ni kijicho cha watu, na wengine wakasema tusiseme kitu. Baba yao naye alikuwa amekwenda vivyo hivyo, uso umevimba, miguu imevimba, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na ukoo huo, bila kumkosea mtu heshima, ulikuwa hodari wa kuficha. Februari 2016 marehemu alipimwa afya na wengine wote kazini kwake, akakutwa na protini nyingi kwenye mkojo, ile inayoufanya utoe povu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo hakukimbia, alikwenda kwa daktari wa figo na kumwambia habari za kaka yake na za baba yake, zote mbili, kwa mpigo mmoja.

Daktari huyo, ambaye yupo, akachukua damu yake ikapimwe vinasaba, na majibu yake nilielezwa mezani kwa mdogo wangu mpaka nikaelewa, kwa hiyo na ninyi mtaelewa. Kila mtu amerithi nakala mbili za kila kinasaba, moja ya baba na moja ya mama. Wataalamu wamegundua katika miaka ya karibuni kwamba kipo kinasaba fulani ambacho kwa baadhi ya watu weusi kimebadilika kidogo tangu zamani sana, na mabadiliko hayo yaliwasaidia mababu, maana aliyekuwa na nakala moja alipata kinga dhidi ya aina ya malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Lakini mwenye nakala mbili figo zake huwa hatarini, si lazima zife, wengi huzeeka nazo salama, ila wengine humomonyoka taratibu bila maumivu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kiko ndani zaidi ya nguo. Marehemu alikuwa na nakala mbili. Kwa hiyo hapakuwa na mchawi wala jirani mwenye kijicho, na kuna jirani mmoja hapa ambaye kwa miaka mingi alistahili kuombwa radhi, naye ninamwomba radhi leo kwa niaba ya ukoo.

Miaka ile ya kwanza dawa ya kuzuia jambo hilo lenyewe haikuwepo, alipewa dawa za kushusha presha na kupunguza protini, na hali ikawa inashuka kidogo kidogo. Septemba 2021 alijiunga kwa hiari yake na utafiti wa dawa mpya, kidonge kilichotengenezwa kwa ajili ya kuzuia madhara ya kinasaba hicho hasa, na masharti yake yalielezwa wazi, kwamba kila mshiriki ataendelea na dawa zake za kawaida, kwamba juu yake nusu ya watu watapewa kidonge chenye dawa na nusu watapewa kidonge kitupu kinachofanana nacho rangi, umbo na hata ladha, kwamba kompyuta ndiyo itakayopiga kura, na kwamba si mgonjwa, si muuguzi, wala si daktari atakayejua nani ana kipi mpaka utafiti uishe. Bila kundi la vidonge vitupu huwezi kujua kama dawa imefanya kazi au watu wamepata nafuu yao wenyewe. Mdogo wangu aliliona jambo hilo la kikatili na alisema hivyo. Marehemu alimwambia kwamba ndivyo kipimo kilivyo.

Mwanzoni mwa 2022 madaktari waliwashauri watoto wake, kwa kuwa ni watu wazima, nao wapime wakitaka. Mdogo wangu naye akapima, akakutwa na nakala moja, ambayo haimdhuru. Kijana akakutwa na moja, ya mama yake. Binti akakutwa na mbili, na mkojo wake ulikuwa umeshaanza kuonyesha protini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na marehemu, ambaye majibu yake mwenyewe aliyapokea kama anayesomewa bei ya saruji, siku hiyo alikaa kwenye ngazi za kliniki, mumewe akakaa naye, na watu wakawa wanapita pembeni yao.

Yanayofuata sikuyajua mpaka juzi, na wengi wenu hamyajui, hata madaktari. Amenieleza mtu aliyekuwepo, kinyozi mmoja aliyekuwa mshiriki mwenzake wa utafiti, ambaye alikuja msibani, akaniomba faragha, na ameniruhusu kuyasoma.

Siku za kliniki washiriki walikuwa wanakaa kwenye ukumbi mmoja wenye viti vya plastiki na feni moja inayozunguka ikipenda, kila mmoja na chupa yake ya mkojo ndani ya mfuko wa kaki, wakijifanya ni chakula cha mchana. Walizoeana, wakawa wanatoka pamoja kwenda kunywa chai kwenye kibanda kilicho nyuma ya kliniki. Juni 2022, wakiwa wamekwishapewa chupa mpya za vidonge, kinyozi alikuja na shauri, kwamba maadamu nusu yao wanameza dawa na nusu wanameza unga, na hakuna anayejua ni nani, ubinadamu ni kugawana. Wamimine chupa zote kwenye sinia moja, wachanganye, kila mtu ajaze upya idadi yake, hapo kila mmoja atapata walau nusu ya dawa, na muuguzi akihesabu atakuta hesabu imetimia. Wote waliafiki. Niseme kweli, nilipoisikia hoja hiyo niliona ni hoja ya mtu mwema, na hata sasa siwezi kuilaani. Naona daktari ameinua kichwa. Naam, Daktari, ilikuwa hivyo, na ilibaki kidogo tu.

Marehemu alifika mwisho, alikuwa amechelewa maabara, akakuta sinia la chai limefutwa limewekwa katikati ya meza na chupa ya kwanza imefunguliwa. Alipoelezwa, akaweka kiganja juu ya sinia, akawaambia kwamba mizani ya muuza nyama hugundulika kuwa mbovu kwa sababu lipo jiwe moja lisiloguswa na mtu, na mkishalisugua jiwe hilo lilingane na mawe ya sokoni, soko zima limebaki bila kipimo. Wakichanganya, alisema, makundi mawili yatafanana, wataalamu watasema dawa haina maana, watafunga mafaili, na itakuwa imekufa dawa ambayo pengine inaponya. Kinyozi alikasirika. Alimwambia kwamba ni rahisi kuhubiri kwa anayejua chupa yake ndiyo yenye dawa. Marehemu akamjibu maneno ambayo kinyozi ameniomba niyasome kama yalivyosemwa:

"Changu ni kitupu, ndugu yangu. Povu la mkojo liko palepale tangu mwaka jana, na choo hakina upendeleo. Nikichukua nusu ya chako naweza nikaongeza siku, lakini nina binti ana ugonjwa huu, yeye atakuja kumeza nini?"

Mama wa chai akaja kudai sinia lake, mwenye chupa iliyofunguliwa akaifunga, na kila mtu akaenda nyumbani na vidonge vyake mwenyewe. Kinyozi alimnunia marehemu muda mrefu, na ndiye aliyembandika jina la Mama Mizani kwa kejeli, jina ambalo sisi nyumbani tulidhani ni la heshima kutoka kazini, naye hakutusahihisha.

Msije mkadhani alikuwa jiwe. Mdogo wangu anasema kipindi hicho alimkuta jikoni analia, maji yanamwagika kwenye beseni, akamwambia kwamba yeye si shujaa, kwamba anaogopa kufa, na kwamba kuna kitu alikikataa ambacho anakitamani kila anapovaa viatu asubuhi na kuona vimembana. Hakumwambia ni kitu gani. Mdogo wangu amekijua juzi, kwa kinywa changu.

Utafiti uliisha Novemba 2023, na wahusika wakaambiwa mmoja mmoja. Waliopewa dawa figo zao zilikuwa zimeshuka polepole zaidi kuliko za wenzao, tofauti ilikuwa wazi. Kinyozi aliambiwa kwamba alikuwa kwenye kundi la dawa. Marehemu aliambiwa kwamba alikuwa kwenye kundi la kidonge kitupu, na kwamba figo zake zimefika mahali ambapo hata dawa yenyewe isingezirudisha, kwa sababu palipokwisha kuwa kovu hapageuki tena kuwa nyama. Daktari anasema marehemu hakuuliza lolote juu ya nafsi yake, aliuliza kama hesabu imesimama bila doa, akajibiwa imesimama, akamshukuru, akaomba jina la binti yake liandikwe kwenye awamu inayofuata, ambayo kila mshiriki anapewa dawa yenyewe. Kinyozi alikuja nyumbani Jumapili iliyofuata na mashine yake ya kunyolea, akashindwa kusema alichokuja kusema, akaishia kumnyoa mdogo wangu na mwanawe, na tangu hapo hawajaruhusiwa kunyolewa na mtu mwingine, ingawa kwa kichwa cha mdogo wangu hiyo si kazi kubwa.

Kuanzia Machi 2024 marehemu akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kila wiki. Mume alijitolea figo, vipimo vikakataa, dada wa marehemu naye alijitolea, na hili lisemwe kwa sauti, alikuwa wa kwanza kuinua mkono, ila naye alikutwa na nakala mbili, ingawa figo zake ni nzima, na madaktari hawakukubali kuchukua moja. Mwishoni mwa Mei mwaka huu marehemu alipata maambukizi ya damu, akalazwa, akatibiwa kwa juhudi zote, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando ya kitanda, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Kwa hiyo wanaosema dawa ile ilimuua nawajibu kama karani, kwa kumbukumbu zilizothibitishwa. Dawa ile haikumuua, kwa sababu hakuwahi kuimeza, hata kidonge kimoja.

Familia inawashukuru daktari wa figo na wauguzi wote wa chumba cha kusafisha damu, waliomvumilia akiwakagulia mizani ya kupimia wagonjwa, na mara moja akaikuta mbovu. Tunaishukuru idara yake ya vipimo kwa gari na kwa salamu, majirani kwa kupika na kulala nasi, mwenye bucha kwa viti, na kinyozi kwa kusema.

Karatasi yangu inaishia hapo, hili la mwisho sikuliandika. Mwanangu, mimi ni baba yako mkubwa, sikuamrishi, wewe ni mtu mzima, na hakuna atakayekununia ukikataa. Daktari ameniambia siku hizi chache hazijaharibu kitu. Najua chupa iko kwenye mkoba wako, nimekuona ukiishika. Makaburini tunatarajiwa saa nane, lakini dereva ni mtu mstaarabu, tutasubiri.

Mpisheni kinyozi, ana glasi ya maji.

Naona mama yako mkubwa ndiye anayekufungulia kifuniko. Asante, dada.

Haya. Wabebaji wasogee. Shemeji, lala sasa, mtoto amekunywa dawa.